Jiko la zawadi lilivyomchoma dadangu

Ndugu msomaji, iwapo jioni moja utapanda matatu nambari 46 na kushuka Kawangware, kisha uingie upande wa Gatina ukifuata harufu ya kuku wa kuchoma, utafika kwenye kibanda kidogo cha mabati chenye benchi mbili na taa moja. Hapo utamkuta mama mwenye leso kichwani, mcheshi, asiyependa deni. Agiza robo kuku na kachumbari. Atakapokuwa akikukabidhi sahani, tazama mkono wake wa kulia. Kuanzia kwenye kifundo hadi karibu na kiwiko, ngozi yake ina rangi tofauti, laini na yenye kung'aa.

Wateja humwuliza ni nini, naye huwajibu kwa tabasamu kwamba ni moto tu, si moto huja na kazi? Jina langu halitaji. Lakini alama hiyo niliiweka mimi, kaka yake wa kuzaliwa tumbo moja. Leo nimeona nikusimulie jinsi ilivyotokea, kwani najua nyumbani kwako pia huenda kuna mtungi wa gesi, na huenda kuna mwanamume anayejifanya fundi.

Dadangu huyu ndiye kitinda mimba wetu. Tulilelewa Kibera, upande wa Makina, na mimi ningali huko hadi leo. Yeye alihamia Kawangware mwaka wa 2014 kwa sababu ya kazi, kwani alikuwa amepata kazi ya nyumba Lavington. Anayeijua Nairobi anajua kwamba Lavington na Kawangware ni majirani wasiotembeleana. Kila asubuhi watu hutoka kwa miguu upande wa mabati wakaenda upande wa maua na kuta ndefu, na jioni wakarudi kwa njia ile ile.

Waajiri wake walikuwa wazee wawili kutoka Marekani, mume na mke, na kwa kweli walimtendea wema. Mkataba wao ulipomalizika katikati ya mwaka wa 2018, walimlipa mshahara wa mwezi mmoja zaidi, wakampa mablanketi, sufuria, na kitu kimoja alichokitamani tangu siku ya kwanza alipokiona stoo: jiko la gesi la kuchomea nyama.

Lilikuwa jiko dogo la chuma, zito kuliko lilivyoonekana, lenye miguu ya kukunja na kifuniko cha mviringo mfano wa kobe. Ndani mlikuwa na bomba lenye vitundu, na juu yake wavu wa kuwekea nyama. Upande mmoja ulining'inia mpira mfupi mweusi wenye mdomo wa shaba ambao sikuwahi kuona mfano wake hapa kwetu. Miaka yote minne wazee wale walipokaa Nairobi jiko hilo halikuwashwa hata mara moja.

Mzee alimweleza dadangu sababu yake. Kwao Marekani walikuwa na gari kubwa mfano wa basi dogo, lenye vitanda, sinki, friji na choo ndani yake, ambalo watu waliostaafu hupenda kusafiria. Gari la namna hiyo hubeba gesi yake lenyewe. Tangi hukaa nje au chini ya sakafu, na gesi hupitishwa kwa mabomba hadi kwenye jiko, friji na kifaa cha kupasha joto. Ubavuni mwa gari, kwa nje, huwekwa mahali pa kuchomeka mpira ili watu wachome nyama kivulini. Sasa, gesi ikifika pale ubavuni huwa imekwisha kupita kwenye kile kifaa cha kupunguza msukumo ambacho mafundi wetu hukiita regyuleta. Jiko lile nalo lilikuja kutoka dukani na regyuleta yake ndogo. Zikifuatana mbili kwenye njia moja, moto hulegea kama wa mshumaa na nyama haiivi. Kwa hiyo mzee aliing'oa ile ya jikoni, akaitegemea ile ya garini. Gari lilibaki Marekani. Jiko likaja Kenya halina chochote cha kulilinda.

"Kuna kifaa kinachokosekana," mzee alimwambia dadangu. "Usiliwashe kabla hujapata mtu wa kukuwekea."

Maneno hayo dadangu aliniletea kama yalivyo, bila kupunguza hata moja. Nakumbuka nilivyomjibu. Nilicheka, nikamwambia kwamba wazungu wana mambo mengi, na kwamba gesi ni gesi.

Usinihukumu kabla hujajua hali ilivyokuwa. Mwezi wa Februari mwaka huo wa 2018 serikali ilikuwa imepiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, na bei ya makaa ikapanda hadi watu wakawa wananunua kwa mkebe mdogo wa rangi. Mwezi wa Septemba ushuru wa shilingi 18 ukaongezwa kwa kila lita ya mafuta ya taa. Dadangu alikuwa hana kazi, ana watoto wawili shuleni, na alikuwa amepiga hesabu yake: awe akichoma kuku jioni, watu wanaporudi kutoka kazini. Kwa makaa ya bei ile faida yote ingeishia motoni. Kwa gesi angewasha mteja anapokuja na kuzima anapoondoka. Jiko la bure alikuwa nalo, na mtungi wa kilo 6 alikuwa nao. Kilichobaki ni kuviunganisha tu.

Nami nilijiona ndiye mjuzi wa gesi katika ukoo wetu. Nilikuwa nimetumia meko kwa miaka mingi, ule mtungi wa kilo 6 ambao kichomeo chake hufungwa juu yake, na sufuria ikakaa papo hapo. Katika ploti yetu Makina mimi ndiye niliyekuwa nikiitwa mtu akinunua meko mpya. Nilichokuwa sijui, na ambacho wengi wetu tunaotumia meko hatukijui, ni kwamba meko haina regyuleta. Gesi hutoka mtungini kwa nguvu zake zote, na kinachoizuia ni koki unayoizungusha kwa mkono pamoja na kitundu chembamba mno kilichotobolewa ndani ya kichomeo kwa ajili ya nguvu hiyo hiyo. Kwa hiyo mtu aliyezoea meko huamini kwamba ukifungua kidogo utapata moto kidogo, na basi, mambo yamekwisha.

Jumapili moja ya mwezi wa Oktoba nilitoka Kibera baada ya ibada, nikapanda gari hadi Dagoretti Corner, kisha nikaishika barabara ya Naivasha kuelekea Kawangware. Mfukoni nilikuwa na kichwa cha mtungi nilichonunua sokoni, cha aina inayotumiwa na wapika chapati wenye majiko makubwa ya gesi: koki upande mmoja na mdomo wa kuvishia mpira upande wa pili. Nilibeba pia mita moja na nusu ya mpira unaopenyeza mwanga, ambao nadhani ulikusudiwa maji, na kipande cha waya. Kwa vitu vyote hivyo nilitumia pesa ambazo hazikufika shilingi 700, na njiani nilikuwa nikijisifu moyoni jinsi nilivyobana matumizi.

Ule mdomo wa shaba wa jiko ulikataa kuingiana na chochote. Nikaukata kwa msumeno wa chuma. Nikauvisha mpira wangu pale palipobaki, nikauzungushia waya na kuukaza kwa koleo. Dadangu alikuwa amesimama kando na sinia la kuku aliokwisha kuwatia viungo, mkono mmoja kiunoni.

"Kaka, na kile kifaa alichosema mzee?"

"Hicho ni cha magari," nikamjibu.

Tulikuwa nje, katika uwanja mwembamba wa ploti, baina ya mlango wake na kamba za nguo. Kila nikumbukapo siku ile namshukuru Mungu kwa jambo hilo moja, kwani mvua ilikuwa imetishia na nusura tuliingize jiko ndani.

Nilimwambia awashe kiberiti nami nikafungua koki. Moto uliruka juu ya wavu karibu futi moja na nusu, ukivuma kama ndege inayopaa. Watoto walishangilia. Dadangu akasema, "Funga, kaka, funga." Nikamwambia, "Subiri, linajizoeza." Naapa hayo ndiyo maneno yaliyotoka kinywani mwangu. Nilipunguza kidogo, moto ukapungua kidogo, nami nikaona nimeshinda. Nikamwambia aweke kuku.

Aliponyoosha mkono kuweka kipande cha pili, mpira ulichomoka.

Gesi yote iliyokuwa ikiingia jikoni sasa ilikuwa ikitoka hewani, na mpira ulikuwa ukirukaruka chini kama nyoka aliyekanyagwa mkia. Ilichukua muda mfupi kuliko ninaotumia kuandika sentensi hii. Moto wa jikoni uliifuata ile gesi na pale pote palipokuwa baina ya jiko na mtungi pakawaka kwa pamoja. Mkono wa dadangu ulikuwa katikati.

Nilirukia mtungi na kuishika koki. Msomaji, nilizungusha upande usiofaa. Mikono hii ambayo ilikuwa imefunga na kufungua gesi maelfu ya mara ilisahau kulia na kushoto, ikaifungua koki hadi mwisho. Aliyeufunga mtungi ule ni kijana jirani, kondakta wa matatu, ambaye alikuwa akifua nguo zake mlangoni. Aliitwaa blanketi iliyokuwa ndani ya beseni la maji, akaitupa juu ya mtungi na mpira, akapitisha mkono chini yake na kuifunga koki taratibu kana kwamba anafunga bomba la maji. Kisha akanitazama. Hakusema kitu.

Dadangu hakulia. Alikuwa ameushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto akiutazama kama kitu cha mtu mwingine. Majirani walikusanyika, na kama ilivyo desturi yetu kila mmoja alikuwa na dawa. Mmoja alileta dawa ya meno, mwingine unga wa ngano, mwingine yai. Dawa ya meno ilikuwa imekwisha kupakwa tulipofika zahanati, na muuguzi alituandama kwa maneno makali kuliko aliyokuwa akistahili mgonjwa. Alisema tungemwagia mkono ule maji safi ya kawaida, yenye kutiririka, kwa dakika 20 kamili, bila kupaka chochote, kovu lingekuwa dogo kuliko litakavyokuwa. Ilimbidi aikwangue dawa ya meno kabla ya kusafisha. Hapo ndipo dadangu alipolia, nami nikatoka nje.

Ilimchukua wiki 7 kupona. Muda huo watoto wake walikula kwangu na kwa majirani. Nililipa gharama za zahanati, na kila Jumapili nilikwenda Kawangware na kifurushi cha chakula, tukakaa tukazungumza habari za watoto, za mama yetu, za mvua, kila kitu isipokuwa kile. Jiko lilikuwa chini ya kitanda, limefunikwa gunia. Alipopona alianza kuchoma mahindi kwa makaa kando ya barabara, biashara iliyompa pesa za unga na basi. Nilipomgusia habari ya gesi aliniambia kwa upole, "Kaka, wewe endelea na meko yako."

Zaidi ya mwaka mmoja ulipita. Mwezi wa Novemba mwaka wa 2019 nilikuwa katika barabara ya Kirinyaga, ile ambayo wazee wengine hadi leo huiita Grogan, nikitafuta kipuri cha pikipiki ya rafiki. Nikapita mbele ya karakana ya mzee mmoja anayetengeneza majiko ya hoteli. Sijui ni nini kilichonisimamisha. Nilimsimulia kisa chote, hata ile sehemu ya koki. Alinisikiliza huku akifuta mikono kwa kitambaa cheusi, kisha akaniuliza swali moja tu: "Jiko lilitoka kwenye nyumba au kwenye gari?"

Nilipomjibu alitikisa kichwa. "Hilo limezoea gesi iliyofugwa," akasema, "nawe ukalipa ya mwituni."

Halafu akanionyesha. Alichukua kipande cha mpira mwembamba unaopenyeza mwanga, akaukunja mfano wa herufi U, akautia maji hadi nusu. Ncha moja aliiunganisha na mtungi uliokuwa na regyuleta ya kawaida ya nyumbani. Alipofungua gesi, maji yalishuka upande mmoja na kupanda upande wa pili, yakasimama. Tofauti baina ya pande mbili ilikuwa kama futi moja.

"Hiyo ndiyo nguvu yote inayohitajika kuchemsha chai," akasema. "Kuinua maji futi moja. Hata mtoto akipuliza kwa mdomo anaweza." Jiko la gari lile la Marekani, alinieleza, huundwa kwa nguvu karibu na hiyo, inchi 11 za maji. Lakini ndani ya mtungi, gesi ikiwa haijapunguzwa, msukumo wake hushinda ule ulio ndani ya gurudumu la gari dogo. Ni zaidi ya mara mia moja ya ule wa jikoni. "Nikiuondoa huu," akasema akigusa regyuleta kwa kidole, "maji haya utayatafuta darini."

Nilisimama pale nikiyatazama yale maji. Yalikuwa yametulia kabisa.

Mzee yule alikuwa mtu wa kupenda kufundisha, nami nilikuwa nimepata mwalimu kwa kuchelewa. Aliniambia kwamba mpira wa maji si mpira wa gesi, kwani gesi huulainisha mpira wa kawaida, kisha ukakauka na kupasuka, na wa gesi huandikwa ubavuni kwamba ni wa gesi. Aliniambia kwamba waya hauukazi mpira ila huukata, na kwamba kazi hiyo ni ya klipu ya chuma inayokazwa kwa bisibisi. Akaniambia pia kwamba wapo wanaokosea kinyume changu: hununua jiko kubwa la chapati lililoundwa kwa msukumo mkubwa, wakalifunga kwa regyuleta ya nyumbani, moto ukatoka dhaifu, nao wakachukua sindano wakapanua kitundu cha gesi. Baadaye mtu mwingine hulinunua jiko hilo, akalifunga inavyostahili kwa msukumo mkubwa, na kitundu kimekwisha kuharibiwa.

Nilinunua kwake regyuleta ya mtungi wa kilo 6, ile inayofungwa kwa kuzungusha, mita moja na nusu ya mpira wa gesi, na klipu mbili. Jumla haikufika shilingi 1,500. Niligawanya hesabu hiyo kwa wiki 7 nikiwa ndani ya matatu, nikajuta kuigawanya.

Dadangu hakutaka. Ilibidi nimwombe yule fundi aende mwenyewe, na alikwenda, Jumamosi moja, kwa nauli tu na kuku mmoja. Safari hii dadangu ndiye aliyekaa karibu naye nami nikasimama kwenye kamba za nguo. Fundi alimfanya afunge kila kitu kwa mikono yake mwenyewe. Alimwonyesha ule mpira mdogo wa duara ulio kwenye mdomo wa mtungi, kwamba ukiwa umepasuka au haupo urudishe mtungi dukani, usijaribu kuziba kwa tepu nyeupe ya mafundi wa maji. Kisha akamwambia akoroge sabuni kwenye kikombe hadi itoe povu, aipake kwa kitambaa kila mahali panapoungana kitu na kitu, na afungue gesi bila kuwasha. Pale palipo na uvujaji povu huvimba. Kwenye klipu ya kwanza lilivimba kitone kidogo kama jicho la samaki. Dadangu aliikaza kwa bisibisi, akapaka tena, pakatulia.

Moto ulipowashwa ulikuwa wa kimo cha kidole, lakini wenye ncha za manjano. Fundi alisema gesi ya wenzetu kule ni propeni karibu tupu, na ya kwetu huchanganywa na buteni, ambayo huhitaji hewa zaidi. Akasogeza kibati kidogo kilicho mwanzoni mwa bomba ili kufungua mwanya wa hewa, na moto ukawa wa buluu. Dadangu aliutazama kwa muda mrefu. Halafu akaingia ndani kuwaleta kuku.

Kuna jambo jingine alilolisema fundi siku hiyo ambalo sikulipata kichwani hadi niliporudi Kibera. Alisema gesi hii ni nzito kuliko hewa. Haipandi ikatokea dirishani kama moshi. Hushuka, ikatambaa sakafuni kama maji, ikajaza kwanza pale palipo chini. Yenyewe haina harufu. Uvundo unaousikia hutiwa makusudi ili pua ikuonye. Na chumba cha futi 10 kwa 10, akasema, kinahitaji kilo moja tu ya gesi iliyovuja ili hewa yake yote iweze kushika moto.

Usiku ule nililala nikiyawaza hayo. Wewe unayeishi katika nyumba ya vyumba vitatu labda jiko lako liko jikoni na watoto wako chumbani. Sisi Kibera jikoni na chumbani ni mahali pamoja, tofauti ni pazia. Mtungi hukaa pembeni, kitanda ni cha wazazi, na watoto hutandikiwa godoro chini. Yaani gesi ikivuja usiku, wa kwanza kufikiwa ni wale walio sakafuni, na pua ya mtoto aliyelala haimwamshi. Niliamka saa 8 za usiku nikaukagua mtungi wangu kwa povu la sabuni nikiwa na tochi. Mke wangu alidhani nimerukwa na akili. Tangu siku hiyo koki hufungwa mtungini kila usiku, na mlango hufunguliwa kabla ya kiberiti kuguswa asubuhi.

Biashara ya dadangu haikuwa na raha ya moja kwa moja. Mwezi wa Machi mwaka wa 2020 kafyu ya Korona ilianza, watu wakawa hawaruhusiwi kuwa nje baada ya saa 1 za jioni, na kuku wa jioni wakakosa mlaji. Julai 2021 ushuru wa VAT wa asilimia 16 ulirudishwa kwenye gesi, na majirani wengi wakarudi kwenye makaa. Yeye alipandisha robo kuku kwa shilingi 20, akapoteza wateja kadhaa, wakarudi. Ushuru huo ulipunguzwa mwaka wa 2022 na kuondolewa kabisa Julai 2023, lakini robo kuku haikushuka bei. Nilipomuuliza aliniambia nishughulikie mambo yangu.

Usiku wa Februari 1, 2024, gesi ililipuka katika kituo kisicho na leseni cha kujazia mitungi huko Embakasi, mtaani Mradi. Watu walikufa na zaidi ya 200 wakajeruhiwa, na moto ukateketeza nyumba na maghala. Kesho yake asubuhi nilimpigia dadangu simu nikidhani nitamkuta ameogopa. Alikuwa ameazima mizani ya muuza viazi, yuko nje anapima mtungi aliokuwa amenunua juzi yake. Uzito wa mtungi mtupu huwa umeandikwa kwenye mtungi wenyewe. Ukiongeza kilo 6, hapo ndipo mizani inapaswa kusimama. Wake ulipungua karibu kilo moja, na kifuniko cha plastiki cha mdomoni kilikuwa kimelegea. Aliurudisha kwa aliyemuuzia, wakagombana, akarudishiwa pesa zake. Tangu hapo hununua dukani kwa mtu mwingine, mbali zaidi, na huubeba mtungi kwa mkokoteni.

Jumapili iliyopita nilimtembelea kibandani. Wateja watano walikuwa wakingoja, na gesi ikaisha katikati ya kuku. Alizima jiko, akavuta mtungi mpya kutoka nje, akawaomba wanaovuta sigara wasogee mbali. Nami kwa mazoea ya ukaka niliinama, nikaishika regyuleta.

"Kaka," akasema bila kuinua kichwa, "wewe nishikie kikombe cha sabuni."

Nikakishika.